Pengo la Sentimita Sitini: Uchambuzi wa Kisa cha Kuweka Mashine ya Kuosha Vyombo Kati ya Makabati ya Jikoni, Njiro, Arusha

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha jiko la nyumba moja ya familia iliyopo Njiro, Arusha. Mwenye nyumba, mama mtu mzima ambaye mwisho wa wiki hupikia karibu ukoo wote, alitumiwa na binti yake anayeishi Ujerumani mashine ya kuosha vyombo, akataka iwekwe kati ya makabati mawili ya chini, upande wa kulia wa sinki, mahali palipokaa mtungi wa gesi na ndoo ya takataka. Seremala aliyeyatengeneza makabati hayo alipima pengo, akaona limepungua milimita tatu, akashauri ubavu wa kabati la sinki urandwe. Mpwa wa mama, kwa upande wake, alishauri ukingo wa graniti ukatwe ili mashine ipite juu. Niliombwa kutoa maoni kabla chombo chochote cha kukatia hakijawashwa.

Maoni yangu yalikuwa kwamba milimita hizo tatu zilikuwa za kweli lakini ndizo zilizokuwa tatizo jepesi kuliko yote. Zilionekana mapema kwa sababu upana ndio unaopimwa kwanza, tena kwa mbele, mtu akiwa amesimama. Kilichoizuia mashine isikae mahali pake kilikuwa nyuma ya pengo, ambako fundi bomba na fundi umeme wa awali walikuwa wameacha vitu vyao ukutani bila kufikiri kwamba siku moja kitu chenye mgongo mpana kingeegeshwa hapo. Kama ubavu wa kabati ungerandwa siku ile, mashine ingeingia kwa upana na kubaki sentimita tisa mbele ya mahali pake, na pengine wote wangeilaumu mashine.

Tuanze na mashine yenyewe. Mashine nyingi za Ulaya za ukubwa wa kawaida hutengenezwa kwa pengo la sentimita 60, na mwili wake hupunguzwa kidogo ili upite; hii ilikuwa na upana wa sentimita 59.8, kina cha sentimita 60 pamoja na mlango, na kimo cha sentimita 84.5. Ilikuwa ya aina inayoweza kusimama peke yake, yaani ina kifuniko chake cha juu, lakini mtengenezaji ameruhusu kifuniko hicho kiondolewe pale mashine inapoingizwa chini ya kaunta. Kikifunguliwa skrubu mbili za nyuma na kuvutwa, kimo hushuka hadi sentimita 81.5 miguu ikiwa imezungushwa ndani kabisa. Si kila mashine inayosimama peke yake inaruhusu jambo hili, na anayenunua yafaa alisome kwenye kijitabu kabla ya kulipa. Vilevile kaunta ikiwa ya mbao, mvuke unaopanda mlango unapofunguliwa huiharibu taratibu, hivyo huhitajika karatasi au bati la kuuzuia chini ya kaunta. Hapa kaunta ni graniti, na mvuke haukuwa na la kufanya.

Pengo lilipimwa kwa upana mahali sita: juu, katikati na chini, mbele na nyuma. Juu palikuwa na sentimita 60.1 na chini 60.2, lakini katikati, upande wa mbele, palikuwa na 59.5 tu. Tofauti hiyo haikutokana na seremala kukosea kipimo. Ubavu wa kabati la sinki, uliotengenezwa kwa chipbodi ya milimita 18, ulikuwa umevimba na kupinda kuelekea kwenye pengo, na ukiugusa kwa kidole ulihisi umelegea. Sababu ilikuwa juu yake: bomba lililopinda chini ya sinki, ambalo mafundi huliita trapu, lilikuwa linavuja tone moja moja kwenye mpira wa kiungo, na maji yalikuwa yakiteremka ndani ya ubavu kwa muda ambao hakuna aliyeweza kuutaja. Chipbodi ikishanyonya maji hairudi unene wake. Kuiranda kungeondoa tabaka gumu la juu na kuacha unga uliobaki unyonye maji kwa kasi zaidi, ndiyo maana sikukubaliana na pendekezo la kwanza ingawa hesabu yake ilikuwa sahihi.

Uamuzi ukawa kuubadilisha ubavu wote kwa plaiwudi isiyonyonya maji ya milimita 16, kingo zake zikipakwa vanishi mara mbili kabla ya kufungwa, na mpira wa trapu ubadilishwe siku hiyohiyo. Milimita mbili zilipatikana kwa wembamba wa ubao mpya na zilizosalia kwa unyoofu wake, hivyo pengo likawa sentimita 60.2 sehemu iliyo nyembamba kuliko zote. Seremala hakupenda mwanzoni, kwa kuwa kubadilisha ubavu wa kabati lililobeba jiwe si kazi ya kukimbilia. Ilibidi graniti iegemezwe kwa vipande viwili vya mbao za mbili kwa mbili na jeki ndogo kabla ubavu wa zamani haujatolewa. Alipoona ule wa zamani unavunjika mkononi kama mkate mkavu, aliacha kubisha.

Kimo kilitaka hesabu ya makini zaidi. Graniti nyingi zinazowekwa majikoni huwa na unene wa sentimita mbili, na ili ionekane nene, mafundi hugundisha kipande kingine chini ya ukingo wa mbele. Mtu akipima kutoka sakafuni hadi chini ya jiwe lenyewe anapata kipimo kimoja, na akipima hadi chini ya ukingo uliogundishwa anapata kingine, na hicho cha pili ndicho mlango wa kuingilia. Katika jiko hili, chini ya jiwe palikuwa na sentimita 83.9 na chini ya ukingo 81.9, zikipimwa kutoka juu ya vigae upande ulio juu zaidi. Mashine isiyo na kifuniko, ya sentimita 81.5, ilikuwa na milimita nne za kupita. Kwa hiyo ukingo haukuhitaji kukatwa, ilimradi milimita hizo nne zilindwe.

Tatizo likawa kwamba vigae havikuingia ndani ya pengo. Fundi vigae aliishia kwenye mstari wa makabati, na ndani palibaki saruji tupu, chini kwa sentimita 1.3. Mama alitaka pawekwe vigae ili pawe pasafi. Mpwa wake alitaka paachwe hivyo hivyo, akisema: “Shangazi, hiyo sentimita ni nafasi ya bure, tuikunjue miguu tu.” Hoja ya kijana ilikuwa na mantiki, kwani miguu ya mashine huzungushwa ili kuiinua, na shimo hilo lingetoa uhuru wa kusawazisha. Lakini mashine iliyoshuka kwenye shimo la sentimita 1.3 na kukunjuliwa miguu itatokaje siku itakapohitaji kutengenezwa? Ili miguu ya mbele ipande kwenye vigae, mashine lazima iinuke, na ikiinuka sehemu yake ya juu inagota kwenye ukingo wa graniti uliobakiza milimita nne. Ingekuwa imeingia na kunaswa, na fundi atakayekuja kubadilisha pampu angelazimika kuvunja ama vigae ama jiwe. Kunaswa kwa namna hii hutokea pia pale mashine inapowekwa kwanza na sakafu ikapandishwa vigae vipya mbele yake.

Vigae navyo vilikuwa na mteremko wa milimita tatu kutoka kulia kwenda kushoto, mteremko wa kawaida wa sakafu inayopigwa deki. Kusawazisha kwa miguu kungekula karibu zile milimita nne zote. Badala ya kuisawazisha mashine, tuliisawazisha sakafu: pengo lilijazwa saruji laini, likanyooshwa kwa pimamaji, likalingana na vigae upande ulio chini. Miguu ikabaki imezungushwa ndani kabisa, mashine ikakaa sawa, na njia ya kutokea ikawa ileile ya kuingilia. Mama alikosa vigae ndani ya pengo, ila alipata sakafu ngumu iliyopakwa rangi ya sakafu, ambayo haitaonekana na mtu yeyote isipokuwa fundi.

Sasa nyuma ya pengo. Makabati yalikuwa na kina cha sentimita 56 na graniti ilitokeza hadi 62 kutoka ukutani. Mashine ya kina cha sentimita 60 inahitaji ukuta ulio mtupu karibu kabisa, kwa kuwa katika sentimita hizo mtengenezaji ameacha upenyo mdogo wa mipira na waya chini ya mgongo wake tu, si mahali pengine. Ukutani hapo, kwa kimo cha sentimita 45, kulikuwa na bomba la maji la PPR, yaani la plastiki ngumu, lenye valvu ya geti iliyotokeza sentimita tisa pamoja na gurudumu lake. Kando yake soketi ya umeme iliyofungwa juu ya plasta, ambayo ikichomekwa plagi inafikia unene wa sentimita nane au zaidi. Na chini, bomba la maji machafu la inchi moja na nusu lililochomoza sakafuni likiwa wazi. Vitu vyote vitatu vilikuwa katikati ya mgongo wa mashine au chini yake.

Utaratibu unaofaa, na ambao vijitabu vingi vya mashine hizi huuelekeza, ni kuviweka valvu, soketi na kiungio cha maji machafu kwenye kabati la jirani, kisha kupitisha mipira na waya kwenye matundu ya ubavu. Faida yake haiishii kwenye kina. Valvu iliyo nyuma ya mashine haifikiki mpira ukipasuka usiku. Soketi iliyo nyuma ya mashine haizimiki bila kuivuta mashine yenyewe, na anayeivuta yuko kwenye maji. Kwa kuwa ubavu wa kabati la sinki ulikuwa unabadilishwa hata hivyo, matundu yalitobolewa kwenye plaiwudi mpya kabla haijafungwa: moja la kupitisha mipira miwili na jingine, juu zaidi, la waya. Kingo za matundu zilisuguliwa kwa msasa na kuvishwa mpira ili mtikisiko wa mashine usiikate mipira polepole. Bomba la PPR lilikatwa na kuzibwa ndani ya ukuta, na valvu mpya ya robo mzunguko yenye uzi wa robo tatu ya inchi ikafungwa chini ya sinki.

Fundi bomba alitaka mpira wa maji machafu uchomekwe kwenye lile bomba wazi la sakafuni, kwa kuwa lilikuwa pale pale na aliliona kama bahati. Hapa ndipo nilipokataa kwa nguvu zaidi. Bomba lile lilikuwa linaenda moja kwa moja kwenye chemba ya nje bila mpindo wowote wa kushika maji, maana yake hewa ya shimo la maji taka ilikuwa na njia ya kuingia jikoni, pamoja na mende. Zaidi ya hapo, mashine ya kuosha vyombo hutoa maji kwa pampu, na mpira wake ukishushwa hadi sakafuni, maji yakishaanza kushuka huendelea kujivuta yenyewe hata pampu ikizimwa. Mashine hujaza, maji yanaondoka, inajaza tena, na mwishowe inasimama ikiwa imeonyesha alama ya kosa ambayo mtu ataitafsiri kuwa ni ubovu wa pampu au wa kipima maji. Ndiyo maana watengenezaji hutaka mpira huo upande juu kabla haujaingia kwenye bomba. Kijitabu cha mashine hii kilitaka kimo kisichopungua sentimita 40 na kisichozidi 100 kutoka sakafuni. Tuliufunga kwa kamba ya plastiki karibu kabisa na chini ya graniti, kisha ukashuka kwenye kichomeo cha pembeni cha trapu ya sinki, juu ya sehemu inayoshika maji. Mpindo ule wa juu unazuia pia maji machafu ya sinki yasirudi ndani ya mashine sinki linapoziba, jambo ambalo kila mwenye kupika pilau nyingi analijua. Bomba la sakafuni lilizibwa kwa kofia na saruji.

Presha ya maji ilikuwa kizuizi ambacho hakuna aliyekitaja kwa sababu hakionekani kwa futi. Nyumba hupata maji ya AUWSA, mamlaka ya maji ya Arusha, ambayo huingia kwenye tenki la lita 2,000 lililo juu ya mnara wa matofali na kushuka kwa uzito wake. Mita kumi za kimo cha maji huzaa takriban 1 bar. Kutoka chini ya tenki hadi kwenye valvu ya mashine palikuwa na mita 3.2, na tenki likijaa huongezeka mita moja na nusu hivi. Kwa hiyo presha ilikuwa kati ya 0.3 na 0.5 bar, kabla ya kupungua kwenye mabomba na viwiko. Kijitabu kilitaka isipungue 0.5. Bomba la sinki hutoa maji vizuri kwa presha hiyo na ndiyo maana hakuna aliyeshuku, lakini valvu ya umeme ya mashine hufunguka kwa msaada wa presha yenyewe, na ikiwa ndogo mno mashine husubiri, huhesabu muda, kisha hukata tamaa.

Kuinua mnara hakukuwa na maana kwa mashine moja. Kuunganisha moja kwa moja na bomba la AUWSA kungetoa presha nzuri saa ambazo maji yapo, na kungeiacha mashine katikati ya kazi saa ambazo hayapo. Iliwekwa pampu ndogo yenye swichi ya presha kwenye bomba linaloshuka kutoka tenkini, pamoja na valvu ya kuzuia maji kurudi na kichujio cha mchanga kabla yake, na presha ikapanda hadi 1.5 bar. Bafu la ndani nalo limenufaika, na nadhani hicho ndicho kilichomfanya mama akubali gharama hiyo bila maneno mengi.

Kuhusu umeme, mpwa alikuwa ameshanunua adapta. “Hata friji tunaitumia kwa adapta kama hii,” alisema. Plagi ya Ujerumani ina pini mbili za duara, na waya wa ardhi hauko kwenye pini bali kwenye vibati viwili vya pembeni. Adapta nyingi za bei ndogo zinazouzwa madukani hupokea pini mbili tu na haziguswi kabisa na vibati hivyo. Mashine inafanya kazi, taa inawaka, na mwili wake wa chuma hauna ardhi. Kwa kifaa chenye maji ya moto, hita ya zaidi ya wati 2,000 na mtu anayekigusa akiwa na mikono iliyolowa juu ya sakafu iliyolowa, hilo halivumiliki. Plagi ilikatwa na kufungwa nyingine ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 13: waya wa kahawia kwenye laini, wa buluu kwenye nyutro, wa kijani na njano kwenye ardhi. Kwa mashine mpya yenye dhamana inafaa kuuliza kwanza, kwani wauzaji wengine huihesabu plagi iliyokatwa kuwa sababu ya kukataa madai. Soketi mpya ilipewa waya wake wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye boksi la saketi, ikiwa na kinga ya kukata umeme unaovuja wa miliampea 30, ili birika la umeme na mashine visigombee soketi moja.

Kulikuwa pia na suala la kuizuia mashine isipinduke. Mlango ukiwa umefunguliwa na trei zote mbili zimevutwa nje zikiwa zimejaa sahani za udongo, uzito huhamia mbele, na mashine iliyovuliwa kifuniko ni nyepesi kuliko inavyoonekana. Vibati vya kuishikilia kwa kawaida huskrubiwa kwenye kaunta kwa chini, lakini graniti haipokei skrubu. Vibati vilikunjwa pembeni na kuskrubiwa kwenye bavu za makabati mawili, kazi ambayo isingewezekana kama ule ubavu uliooza ungeachwa na kurandwa.

Chumvi ya mashine, ile maalumu inayotiwa ndani yake, nitaigusa kwa ufupi, kwa sababu Arusha lina utata wake. Watu wengi wanajua kuwa maji ya vyanzo kadhaa kuzunguka Mlima Meru yana floridi nyingi, na mama aliuliza kama chumvi ile itaiondoa. Haiiondoi. Chumvi huisaidia mashine kubadilisha kalsiamu na magnesiamu zinazoacha utando mweupe kwenye glasi, na maji yenye floridi nyingi mara nyingi huwa na kalsiamu kidogo, kwa kuwa viwili hivyo vikikutana kwa wingi huganda pamoja. Ugumu wa maji ulipimwa kwa kikaratasi kilichokuja na mashine, ukaonekana mdogo, na mashine ikawekwa kwenye kiwango cha chini. Chumvi ya mezani haitumiki, wala sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa mkono, ambayo povu lake hutoka hadi sakafuni.

Mashine ilifanya mzunguko mzima wa kwanza ikiwa tupu, huku karatasi kavu za tishu zikiwa zimetandazwa chini ya kila kiungo ndani ya kabati la sinki. Moja ililowa kidogo, uzi wa valvu ukafungwa upya kwa tepu, na mzunguko wa pili ukaziacha zote kavu. Ubao wa chini unaoziba miguu ya makabati ulikatwa mbele ya mashine ili mlango ushuke bila kugusa, na ukafungwa kwa skrubu mbili badala ya gundi.

Ombi la mwisho la mama halikutekelezwa. Alitaka uso wa mashine ubandikwe ubao wa mninga ulingane na milango ya makabati yake. Mashine zinazotengenezwa kwa kubeba ubao huo zina matundu yake na springi za mlango zinazokazwa kulingana na uzito. Hii haina, na ubao wa mninga ungeufanya mlango uanguke kwa kishindo kila unapofunguliwa, huku skrubu zikiwa na uwezekano wa kutoboa waya zilizo ndani ya mlango. Seremala alikuwa tayari kujaribu. Nilimshauri mama amkatalie, naye akamkatalia.